Mgombea na Simulizi ya Maisha Yake

Mtu asimamapo mbele ya watu kuomba kura, husema mambo ya namna mbili. Hueleza atakayoyafanya, na hueleza alikotoka. La kwanza ni ahadi, na kila mtu ajua kwamba ahadi ni jambo la kesho. Huweza kutimia au isitimie. La pili lina sura nyingine. Asemapo kwamba alizaliwa katika nyumba ya udongo, kwamba alikwenda shule pekupeku, au kwamba alikuwa mstari wa mbele siku ya hatari, anadai kueleza jambo lililokwisha kuwa; na jambo lililokwisha kuwa ni kweli au si kweli hata kabla yeye hajafungua kinywa. Je, mpiga kura aweza kuiamini simulizi hiyo? Na kama aweza, ni kwa kiasi gani na kwa sababu gani?

Wako watakaojibu upesi kwamba wanasiasa wote ni waongo, na kwa hiyo hakuna la kujadili. Jibu hilo laonekana la ujanja, lakini kwa hakika ni la uvivu. Amkataaye kila msemaji hana tofauti kubwa na amkubaliye kila msemaji; wote wawili wamejiondolea kazi ya kupima. Tena anayenufaika na jibu hilo ni mwongo mwenyewe, maana mahali ambapo wote wamehesabiwa waongo, aliyesema kweli hapati malipo yoyote ya ukweli wake.

Miongoni mwa tawasifu za mwanzo kabisa katika lugha yetu ni ile ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyefariki Unguja mwaka 1905. Humo asimulia jinsi alivyoipata nchi ya Utetera, katika sehemu ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mtemi wa nchi hiyo, Kasongo Rushie, alikuwa mzee, na dada zake walitekwa zamani na Warua wala hawakuonekana tena. Tippu Tip alizisikia habari hizo kabla ya kufika. Basi akajitungia nasaba: kwamba mmoja wa wanawake hao alinunuliwa na babu yake, na kwamba yeye aliyesimama hapo ni damu ya dada aliyepotea. Mzee akaamini. Akampokea kama mjukuu aliyerudi nyumbani, na baadaye akamwachia utawala.

Kisa hiki chafaa kusomwa polepole. Kasongo Rushie hakuwa mpiga kura kwa maana ya leo, lakini alikuwa na kile alicho nacho mpiga kura: madaraka ya kumpa mtu mwingine, na simulizi moja ya kumsaidia kuamua. Wala hakuwa mjinga. Aliamini kwa sababu habari aliyoletewa ilikaa barabara katika tundu lililokuwa moyoni mwake miaka mingi. Mtu aliyempoteza dada hahitaji hoja nyingi ili akubali kwamba dada hakupotea bure. Nadhani hapa ndipo ulipo mzizi wa jambo zima. Simulizi ya uongo inayofaulu aghalabu hutungwa kwa kipimo cha msikilizaji. Mtungaji hupeleleza kwanza watu wanakosa nini, kisha huenda kuwa kitu hicho.

Lakini kuna fumbo jingine ambalo huwapa wanafunzi wangu wa jioni, kwa kuwa nafundisha kidogo baada ya saa za ofisi. Habari za uongo huo tumezipata wapi? Kwa Tippu Tip mwenyewe. Basi kwa nini tumwamini asemapo kwamba alidanganya? Kwa kawaida neno la mtu huwa na uzito linapomgharimu, na mtu hakiri uongo bila kupungukiwa. Walakini msomaji makini ataona kwamba mzee huyu hapungukiwi kitu. Asimulia hila yake kama mtu anayesimulia ushindi. Kwake ungamo ni majigambo. Nalo ni onyo kwetu tusidhani kwamba mgombea anayejitaja makosa ya ujana wake mbele ya umati ni lazima awe mkweli kuliko wenziwe. Huenda amekwisha kupima na kuona kwamba kosa hilo humpendeza msikilizaji.

Pengine mtu atasema kwamba hayo ni mambo ya zama za misafara, na kwamba wapiga kura waliosoma hawadanganyiki hivyo. Marekani mwaka 1840 William Henry Harrison aligombea urais, na alama ya kampeni yake ilikuwa kibanda cha magogo na pipa la pombe ya tufaa, vitu vya mlalahoi wa mpakani. Ukweli ni kwamba Harrison alizaliwa mwaka 1773 katika jumba la shamba kubwa huko Virginia, na babaye alitia sahihi Azimio la Uhuru la mwaka 1776. Mpinzani wake, Martin Van Buren, ndiye aliyekuwa mtoto wa mwenye kilabu cha pombe, lakini alichorwa kama bwana mkubwa anayekula katika vyombo vya thamani. Harrison alishinda kwa kura 234 za wajumbe wa uchaguzi dhidi ya 60. Alifariki baada ya mwezi mmoja tu madarakani, kwa hiyo hatukupata kuona kama kibanda kingekumbukwa Ikulu.

Hata hivyo tusiuweke uongo wa makusudi peke yake katika mizani. Simulizi ya mtu juu ya maisha yake yaweza kukosa kweli kwa njia nyingine ambazo hazina hila. Mwaka 1973 John Dean, aliyekuwa mwanasheria wa Rais Nixon, alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani kwa maelezo yaliyoandikwa ya kurasa 245. Watu walistaajabia kumbukumbu yake. Baadaye ikafahamika kwamba mazungumzo yale yalikuwa yamenaswa katika kanda, na mwaka 1981 mwanasaikolojia Ulric Neisser akachapisha matokeo ya kulinganisha maneno ya Dean na kanda zenyewe. Kiini cha habari kilikuwa kweli: maovu aliyoyataja yalikuwapo. Lakini maneno mengi aliyosema ameyasikia hayakusemwa, na katika kumbukumbu yake Dean alikuwa karibu na kitovu cha mambo kuliko alivyokuwa kweli. Mtu huyu alikuwa amekula kiapo, na yale ya msingi aliyasema sawasawa. Hata hivyo kumbukumbu yake ilimsogezea kiti mbele. Ikiwa kumbukumbu humfanyia hivyo shahidi kabla hata mwaka mmoja haujatimia, yatakuwaje kwa mzee asimuliaye mapambano ya miaka arobaini iliyopita, tena akishangiliwa kila afikapo pale penye ushujaa? Makofi ni mwalimu mkali. Habari iliyopigiwa makofi mara kumi hairudi tena katika umbo lake la awali, na mwenyewe hajui ilibadilika lini.

Kisha kuna kuchagua, na hili ni gumu kuliko yote kwa kuwa halina uongo ndani yake. Katika uchaguzi wa Kenya wa mwaka 2022 William Ruto alisimulia mara nyingi jinsi alivyouza kuku kando ya barabara kuu katika ujana wake, na jinsi alivyosoma bila viatu. Alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.49. Sina sababu ya kutilia shaka habari ya kuku. Swali langu lahusu hatua inayofuata: kutoka kwenye kuku wale, msikilizaji aende wapi? Ilipofika Juni 2024 vijana walijaa barabarani kupinga Muswada wa Fedha, na Rais akakataa kuutia sahihi. Mgogoro ule ulihusu kodi, na juu ya kodi simulizi ya kuku haikuwa imesema lolote. Aliyekuwa maskini aweza kuwakumbuka maskini. Aweza pia kuwa na shauku ya kuwa mbali nao. Yote mawili tumeyaona hapa duniani. Simulizi ya kweli hutueleza mtu alipita wapi. Alichojifunza huko ni habari nyingine, nayo haimo katika simulizi isipokuwa kwa madai yake mwenyewe.

Tuangalie sasa hazina yetu wenyewe. Katika fasihi simulizi ya maeneo ya Maziwa Makuu mna majigambo, ambayo Wahaya na majirani zao wameyapa heshima ya pekee na ambayo katika Kiswahili tumezoea kuyaita vivugo. Rwanda nao wana ibyivugo. Shujaa husimama, aghalabu na silaha mkononi, akajisifu kwa ushairi: ukoo wake, vita alivyopigana, maadui aliowaangusha. Chumvi imo, tena nyingi, na hakuna aliyeihesabu kuwa uongo, kwa kuwa kila mtu alijua kanuni za fani. Lakini ilikuwapo kanuni moja ambayo sisi tumeisahau. Kivugo kilitolewa mbele ya Mukama, au katika karamu ya watu wale wale waliokwenda vitani pamoja na msemaji. Mtu aliweza kusema kwamba mkuki wake uliifunika mbingu. Hakuweza kusema alikuwa vitani siku ambayo wote walijua alibaki nyumbani akiugulia tumbo. Mkuki wa kufunika mbingu uliachwa kwa ushairi wake, na mahudhurio ya vita yalilindwa na mashahidi. Waliosikiliza ndio waliokuwa kumbukumbu.

Chaguzi zetu za chama kimoja, kuanzia mwaka 1965 hadi 1990, zilikuwa na upungufu wake, na ubora wa kushindanisha vyama si jambo ninalolibishia hapa. Lakini zilikuwa na desturi inayofanana na kivugo. Wagombea wawili, mmoja wa alama ya jembe na mwingine wa nyumba, walitembezwa pamoja katika mikutano iliyoandaliwa na chama, wakapanda jukwaa moja, kila mmoja akisikiliza mwenziwe akijieleza. Kikabila, kidini, kirangi hapakuruhusiwa. Ni vigumu kujipa wasifu wa kubuni huku mpinzani wako ameketi hatua tatu nyuma yako, na mbele yako wameketi waliosoma nawe darasa la nne. Wala watu hawakulewa historia ya mtu. Mwaka 1965 Paul Bomani, Waziri wa Fedha, aliyeuasisi ushirika wa wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa katika miaka ya 1950, alishindwa jimboni kwake. Jambo aliloweza kulisimulia lilikuwa kubwa na la kweli. Wapiga kura waliliheshimu, kisha wakamchagua mwingine.

Yako mawazo kwamba dawa ni karatasi: mgombea alete vyeti, vihakikiwe, mambo yaishe. Sisi tuliozeeka katika majalada twajua karatasi nazo zina simulizi zake. Mwaka 2017 uhakiki wa vyeti katika utumishi wa umma uliwakuta watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na kila kimoja kilikuwa kimekaa katika jalada lake kwa utulivu. Mbunge kwa upande wake hadaiwi cheti na Katiba yetu ya mwaka 1977. Yatosha ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Wapo walionung'unika kwamba tarishi hubanwa kuliko mtunga sheria. Mimi naona Katiba ina busara hapo. Uwakilishi si ajira, na mkulima asiye na cheti ana haki ya kusimama. Ila ruhusa hiyo huweka mzigo wote juu ya maneno, na kwa hiyo juu ya wale wawezao kuyashuhudia maneno hayo.

Novemba 2022 wapiga kura wa jimbo moja la New York walimchagua George Santos kuingia Baraza la Wawakilishi la Marekani. Alikuwa amedai kuhitimu chuo kikuu na kufanya kazi katika mabenki makubwa. Baadaye alikiri kwamba hakuhitimu chuo chochote, na kwamba kazi zile hakuzifanya kama alivyodai. Baraza lilimfukuza Desemba 1, 2023 kwa kura 311 dhidi ya 114. Wengi husimulia kisa hicho ili kuonyesha wingi wa uongo wake. Kwangu mimi jambo zito ni jingine. Gazeti dogo la hapo jimboni, North Shore Leader, lilikuwa limekwisha kuandika mashaka yake kabla ya uchaguzi. Gazeti kubwa la nchi lilichapisha uchunguzi wake wiki kadhaa baada ya kura kupigwa. Shahidi alikuwapo, alikuwa karibu, na alisema mapema. Sauti yake haikufika.

Ndiyo maana nasema kwamba swali la kumwamini mgombea haliwezi kujibiwa kwa kumtazama mgombea peke yake. Kwa simulizi iliyosemwa mbele ya waliokuwapo, wakaachwa waseme, mtu ana haki ya kuipa imani ya kadiri, huku akikumbuka kisa cha Dean na kile kiti kilichosogezwa mbele. Kwa simulizi iliyosemwa redioni au katika simu kwa watu wasiomjua msemaji wala kijiji chake, imani iahirishwe mpaka kijiji kiulizwe. Na hapa pana hesabu ambayo mwalimu wa uraia aweza kuifanya na darasa lake bila kumtaja mtu: katika kata yenu, nani wanaojua ujana wa wale wanaotaka kuwaongoza? Mwalimu mkuu mstaafu, karani wa chama cha ushirika, mjumbe wa nyumba kumi wa zamani, mama aliyepika katika bweni. Je, wameulizwa? Na kama wangeulizwa, wangeweza kujibu kwa sauti mkutanoni, kisha wakaenda sokoni kesho yake bila kutazama nyuma?