Baada ya Kuungama, Unaangalia Wapi?



Vijana wenzangu, kuna swali ambalo sisi mafrateri tunaulizwa sana na vijana: "Frateri, nimeungama, Padre kaniondolea dhambi, mbona bado najiona mchafu? Tena narudia yaleyale. Kuna faida gani basi?"

Naomba nijibu kwa kutumia lenzi ya kamera. Msishangae.

Likizo hii nyumbani nimefungua na kutengeneza lenzi ya marehemu baba mkubwa, aliyokuja nayo kutoka Moscow alikokuwa akisoma. Ni Helios 44-2 ya milimita 58, ya enzi za Muungano wa Kisovieti. Haina umeme wowote, kila kitu unazungusha kwa mkono. Ndani ina vioo 6, na vibamba 8 vyembamba vya chuma vinavyofunguka na kujifunga kama mboni ya jicho. Ilikaa kabatini miaka mingi, ndani ya mfuko wake wa ngozi. Ukiitazama kwa nje unasema ni nzima kabisa. Ukiimulika kwa tochi, unakuta kuvu imetanda ndani kama utando wa buibui.

Kuvu inapenda giza na unyevunyevu. Kwa hiyo mfuko ule ule wa kuilinda lenzi ndio ulioilea kuvu. Si ndivyo tunavyofanya na dhambi? Tunaifunika vizuri. Tunaimba kwaya, tunaposti mistari ya Biblia, na huku ndani inaendelea kutanda. Kinachohitajika ni kufungua, tena mbele ya mwenye mamlaka ya kuondolea. Ndiyo maana tuna Sakramenti ya Kitubio.

Nilifungua pete moja baada ya nyingine, nikapanga kila kipande juu ya kitambaa cheupe kwa mfuatano kilivyotoka. Nikatumia spiriti kidogo na kitambaa laini, kuvu ikatoka. Ila kwenye kioo kimoja zilibaki alama hafifu. Kuvu hutoa asidi, na asidi ikishakula kioo, hata ufute vipi haifutiki.

Je, lenzi imekufa? Hapana. Kuvu imeondoka kweli. Kilichobaki ni kovu, na mwanga unapita.

Hapo ndipo jibu la kwanza lilipo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1459, inafundisha kwamba ondoleo linafuta dhambi, lakini haliponyi palepale kila uharibifu ulioletwa na dhambi hiyo. Kwa hiyo ukitoka kwenye kiti cha maungamo halafu ukasikia aibu, au kumbukumbu ikakujia, usiseme hujasamehewa. Umesamehewa! Kovu si dhambi. Hata Bwana wetu alipofufuka alimwonyesha Tomaso alama za misumari. Uharibifu uliobaki tunaushughulikia polepole kwa malipizi: kurudisha cha watu, kumwomba radhi uliyemchafulia jina, kusali.

Sasa lile la kurudia yaleyale.

Lenzi hii inasogea mbele na nyuma kwa hesi, ile mikato ya kuzunguka kama ya chupa na kifuniko chake. Tofauti ni kwamba hesi zake zina milango mingi ya kuingilia, na ulio sahihi ni mmoja. Kabla ya kuitenganisha nilichora alama kwa sindano pale hesi zinapoachana. Maana ukiirudisha kwa mlango mwingine, itazunguka vizuri tu, safi, laini, na ua lililo karibu utaliona. Ila mlima wa mbali hautaonekana sawasawa kamwe. Pete inagota kabla ya kufika kwenye ile alama ya nane iliyolala, yaani umbali usio na mwisho.

Wengi wetu tunaungama namna hiyo. Kesho nasimamia ndoa, acha niungame. Pasaka imefika, acha niungame. Tunasafishwa kweli, lakini macho yetu yanaishia kwenye jambo la wiki hii, na likishapita tunarudi kwenye mfuko uleule wa giza. Aristotle alitufundisha kukielewa kitu kwa kutazama kusudi lake. Lenzi haikutengenezwa ili iwe safi tu. Usafi ni wa kuisaidia ione. Nasi hatuungami ili tujisikie wepesi tu. Tunaungama ili tumwone Mungu, na huko ndiko mbali kwetu.

Kwa hiyo, mpendwa, kabla ya kuungama safari ijayo jiulize: nikishasafishwa, nataka kuelekea wapi? Kisha chagua jambo moja la kubadilisha: simu isiyolala nawe kitandani, rafiki wa kukuuliza maendeleo yako, Misa moja ya katikati ya wiki. Lenzi iliyosafishwa hairudishwi kwenye mfuko wenye unyevunyevu. Inawekwa pakavu, penye hewa na mwanga.

Tusali: Ee Yesu, umetusafisha bila kuchoka. Utujalie macho yanayofika kwako, hata kama yana makovu. Amina.