Vua Lenzi Hizo Usiku Huu!

Ewe unayesoma huku jicho likikuwasha, acha kulifikicha! Lenzi hizo zimo machoni tangu alfajiri. Usiku huu utazivua, au utajitupa kitandani nazo kama jana, kama juzi, kama siku ile uliyotoka harusini umechoka?

Usiniambie hujui! Uliambiwa uzivue kabla ya kulala, ukaitikia. Uliambiwa uzioshe, ukaitikia. Uliambiwa uzitupe muda wake ukiisha, ukaitikia kwa sauti kubwa zaidi, na hadi leo unazo.

Konea, kile kioo cha mbele ya jicho, haina mshipa hata mmoja wa damu. Oksijeni yake huipata hewani, kupitia machozi. Umeifunika kwa lenzi, kisha unaifungia kope usiku kucha! Wataalamu wa afya wa Marekani wanasema kulala na lenzi huongeza hatari ya maambukizi mara 6 hadi 8. Yote hayo kwa uvivu wa dakika mbili!

Na maji! Hapa sipiti haraka, maana hapa ndipo wengi wanapoangamia. Maji ya bomba, ya kisima, ya bahari, hata ya kunywa ya chupa, yasiguse lenzi! Mna amiba humo, jina lake akanthamiba. Ukimmeza na maji, hakudhuru. Lakini akinaswa kati ya lenzi na konea, hutafuna, hujichimbia, hujifungia ndani ya gamba ambalo dawa hulipenya kwa shida. Matibabu huenda kwa miezi, na maumivu yake hayamwachii mtu usingizi.

Unayesuuza lenzi bombani, acha! Unayezama nazo baharini Coco Beach, vua kwanza! Unayeilamba iliyodondoka na kuirudisha jichoni, hivi kweli, mtu mzima? Nawe unayetawadha, udhu haukudai maji yaingie ndani ya jicho: fumba macho, osha uso, futa kope, nenda kasali.

Dada bibi harusi, nani alikupima? Lenzi zile za kijivu ulizinunua kwenye meza ya vipodozi, kati ya wanja na kope za bandia. Muuzaji alikuuliza rangi. Hakukuuliza mviringo wa jicho lako, hakupima upana wake, hakutazama kama machozi yanatosha. Lenzi isiyokukaa hukwaruza, na palipokwaruzwa vijidudu huingia. Marekani, tangu sheria ya mwaka 2005, lenzi za rangi ni kifaa cha tiba, hata zile za urembo mtupu. Haziuzwi bila cheti. Jicho la Mmarekani lina thamani gani kuliko lako? Usiazime za shoga yako, wala usimwazime zako! (Na ukiniuliza mimi, macho uliyozaliwa nayo yanatosha kabisa kwa picha.)

Sikukatazi lenzi. Ni neema! Otto Wichterle, mkemia wa Chekoslovakia, alizitengeneza laini nyumbani kwake, Krismasi ya 1961, kwa mashine aliyoiunga kwa vyuma vya mchezo wa watoto na dainamo ya baiskeli. Hakuhangaika hivyo ili wewe ukaozeshe jicho!

Basi chagua, na uchague sawasawa. Pimwa kwanza. Ukimudu, chukua za siku moja: asubuhi unavaa, jioni unatupa, hakuna kuosha. Ni ghali, ndiyo. Zivae siku unazozihitaji kweli, siku nyingine vaa miwani. Ukichukua za mwezi, mwezi unahesabiwa tangu ulipofungua pakiti, hata kama umezivaa mara mbili tu. Nawa mikono kwa sabuni, ikaushe, sugua lenzi kwa dawa yake ya kusafishia. Dawa iliyolala kikashani imwage, usiiongezee! Kikasha chenyewe kitupe kila miezi 3. Maji ya chumvi uliyochemsha jikoni si dawa ya lenzi! Na kama umetoka kukatakata pilipili, Mungu akusaidie.

Je, jicho limekuwa jekundu? Linauma? Linaogopa mwanga? Vua, na usirudishe! Usingoje Jumatatu! Wako bakteria wanaoweza kuila konea kwa siku moja au mbili, na wakiisha kuuawa, chamba cheupe hubaki mbele ya mboni. Usitie maziwa ya mama, usitie asali, usitie majani! Usinunue matone ya steroidi kwa ushauri wa jirani: yakikuta fangasi, huistawisha.

Nenda hospitali! Uko Dar es Salaam, CCBRT ipo. Uko Moshi, KCMC ipo. Uko Kenya, ipo hospitali ya macho ya Kikuyu. Uko mbali na zote, ingia kliniki yoyote yenye daktari wa macho. Beba lenzi zenyewe, beba na kikasha chake, vikapimwe maabara. Na usimfiche daktari! Mwambie ulilala nazo. Mwambie ulizisuuza bombani. Mwambie pakiti uliifungua lini, hata kama ni mwaka jana!