Cherehani ya Jirani

Sare yangu ya darasa la pili ilishonwa kwa cherehani ya wizi. Wacha nianze hapo, maana swali langu kuhusu amani lilianzia kwa hiyo cherehani.

Ilikuwa Januari 2008, upande wa Lugari. Matokeo ya urais yalikuwa yametangazwa tarehe 30 Desemba, na siku chache baadaye majirani zetu Wakikuyu walikuwa wamekimbia, nyumba zao bado zinatoa moshi. Usiku mmoja baba mdogo aliingia na kichwa cha cherehani begani. Meza yake aliirudia kesho yake. Kukhu, yaani nyanya yangu, aliuliza mara moja tu: "Hii kitu ni ya nani?" Baba mdogo akajibu, "Mwenyewe ashaenda." Kukhu akanyamaza. Shule zilipofunguliwa shangazi, ambaye ni fundi, akaanza kushona.

Kukhu ni wa Kanisa la Marafiki, wale ambao dunia inawaita Waquaker. Wamisionari watatu kutoka Marekani walifika Kaimosi mwaka 1902, na leo hakuna nchi yenye Waquaker wengi kuliko Kenya. Tangu miaka ya 1660, walipomwandikia Mfalme Charles II wa Uingereza, wamekataa kushika silaha kwa sababu yoyote ile. Kukhu pia hakushika. Hakuchoma nyumba, hakumtukana mtu. Ukimpima kwa kipimo hicho, alikuwa mtu wa amani kabisa. Lakini cherehani ilikuwa inalia sebuleni kwake kila siku.

Sasa najiuliza: mtu anaweza kuwa na amani na jirani yake huku amekalia mali yake?

Mwaka uliofuata Kukhu aliitwa kwenye warsha ya siku tatu. Marafiki wa Rwanda na Burundi walikuwa wameunda mafunzo ya kuponya majeraha ya vita, na baada ya ghasia zetu mafunzo hayo yakaletwa huku magharibi na Bonde la Ufa. Watu wapatao ishirini hukaa pamoja, nusu wa upande huu, nusu wa upande ule. Wanachora mti wa kutoaminiana: mizizi ni nini, matunda ni nini. Halafu wanachora mti wa kuaminiana. Kuna zoezi ambapo unafungwa kitambaa machoni na mwenzako anakuongoza. Kukhu alituambia aliongozwa na mama mmoja aliyelala kwenye hema la wakimbizi miezi mingi. "Alinishika mkono polepole," akasema, "na mimi nikawa nafikiria cherehani tu."

Aliporudi hakuongea sana. Alitafuta nambari ya simu ya mwenye mali, aliyekuwa amehamia upande wa Nakuru. Nilikuwepo akipiga. Yule mama hakuuliza habari ya cherehani kwanza. Aliuliza, "Mama, siku hiyo mlikuwa wapi?" Kukhu akajibu, "Tulikuwa ndani. Tulifunga mlango." Kimya kikawa kirefu mpaka nikadhani salio limeisha.

Cherehani ilirudishwa. Hapo ndipo haki ilionyesha bei yake, kwa sababu aliyelipa si mwizi. Ni shangazi. Alipoteza kazi, akakaa miezi kadhaa bila kumsalimia Kukhu vizuri. Alisema, na mimi namwelewa, "Mimi sikuiba. Mbona mimi ndio naadhibiwa?"

Wengine kanisani walimwambia Kukhu amechokora kidonda. Watu walikuwa wameanza kurudi shambani, masoko yamefunguliwa, kwa nini kuleta mambo ya zamani? Hoja hiyo si ya kijinga. Ukidai kila bati lirudishwe kabla ya watu kusalimiana, waliochukua watajificha na waliokimbia hawatarudi. Pengine lazima salamu zitangulie. Lakini salamu zikiwa ndio mwanzo na ndio mwisho, aliyeibiwa ndiye anabebeshwa amani peke yake. Nchi yetu inajua mchezo huo. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhiwa rais mwaka 2013, na mapendekezo yake mengi yamelala. Mwaka huohuo tuliambiwa tukubali matokeo tusonge mbele.

Waquaker wenyewe wana mfano mwingine. John Woolman, fundi nguo wa New Jersey katika karne ya 18, aliwahi kuandika hati ya kumuuza mwanamke mtumwa kwa sababu mwajiri wake alimwambia aandike. Jambo hilo lilimkera maisha yake yote. Baadaye akilala kwa mwenye watumwa, alikuwa akiacha pesa kwa ajili ya wale watumwa waliomhudumia, kwa sababu hakutaka kula jasho lao bure. Hakungoja sheria ibadilike. Mwaka 1776, miaka minne baada ya kifo chake, Marafiki wa Philadelphia walikataza waumini wao kumiliki watumwa.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: amani isiyomgharimu aliyefaidika ni kimya tu. Shangazi hakuiba, lakini alifaidika. Mimi pia. Nilivaa ile sare mpaka ikapasuka magotini, na hakuna aliyewahi kunidai hata shilingi.

Baba mdogo bado yuko. Jumapili anakaa benchi moja na Kukhu, anaimba kwa sauti nzito, nzuri. Hajawahi kusema neno kuhusu usiku ule, na sisi hatujawahi kumuuliza. Uchaguzi wa 2027 unakuja, na vijana wanaomwona mzee wa heshima walikuwa hawajazaliwa. Nataka kumuuliza kabla ya hapo. Naogopa, kwa sababu nampenda, na kwa sababu na mimi najua nitaulizwa nilivaa nini.