Mapaja, Sikio na Madaha

Wajukuu zangu! Mmenionyesha kwenye simu wale mabinti wanaoteleza kwenye barafu, mkaniuliza kama ule nao ni uchezaji au sarakasi tu. Kwa kuwa mnajiandaa kupanda jukwaani Chamwino, kwenye tamasha la muziki wa Wagogo, nitajibu kwa kirefu kidogo.

Ni uchezaji, na unaanzia mapajani, kama muheme. Mama zenu mnawaona: mpigaji anaibana ngoma kwa mapaja, anaiinamisha, anaipiga kwa viganja vitupu huku kiuno kinacheza. Mtazamaji anaona wepesi. Hajui kuwa mapaja yakilegea, ngoma inaponyoka na pigo linakufa. Binti wa barafu naye anaruka, anazunguka mara tatu hewani, anatua kinyumenyume kwa mguu mmoja juu ya chuma chembamba. Akitua vizuri, huoni goti lilivyobeba mzigo. Kwa hiyo atakayewaambia kwamba mwanamke akionyesha nguvu anapoteza madaha, mwacheni aende zake. Kwetu Ugogo muheme ni ngoma ya wanawake tangu zamani.

Lakini nguvu inataka sikio. Mwaka 1988, kwenye Olimpiki ya Calgary, Kanada, mabingwa wawili walichagua muziki wa opera ileile, Carmen: Katarina Witt wa Ujerumani Mashariki na Debi Thomas, Mmarekani mweusi, bingwa wa dunia wa 1986. Witt hakutegemea miruko sana. Alikuwa Carmen mwenyewe, hata akamalizia kwa kujilaza kwenye barafu kama aliyeuawa. Akachukua dhahabu. Thomas alikosea kutua mwanzoni kabisa, na moyo ukamtoka. Muziki ukaenda, yeye akawa anaufukuzia. Hata hivyo alipata shaba, akawa mtu mweusi wa kwanza kupata medali katika Olimpiki ya majira ya baridi.

Pigo likikupita, usilikimbilie. Wenzako hawajaacha kupiga. Tikisa mabega, ngoja mzunguko urudi, ingia hapo.

Najua mtanitajia Surya Bonaly, yule Mfaransa. Kwenye Olimpiki ya Nagano, 1998, medali ikiwa imeshamponyoka, alipinduka kinyumenyume hewani akatua kwa mguu mmoja. Mruko huo ulikuwa marufuku wakati ule; marufuku hiyo iliondolewa mwaka 2024. Majaji walimkata alama, watu wakamshangilia. Kwa miaka mingi aliambiwa ana nguvu lakini hana madaha, na mimi naona walimwonea. Ila yeye alipinduka akiwa ameshaimudu kazi nzima. Nyinyi bado mnagombania nani asimame mbele!

Wiki hii wekeni ngoma chini. Imbeni mkitembea, miguu ipige mbili pale makofi yanapopiga tatu, mpaka anayeongoza wimbo asihemee juujuu. Mkishaweza hivyo, ndipo mbane ngoma. Na shanga za shingoni zifungeni kwa uzi mpya. Zikikatika jukwaani, mtaanza kuangalia chini.