Nani Aulize Brashi Ni ya Mnyama Gani?

Mwaka 2018 serikali ya kaunti ya Mombasa iliagiza majumba ya katikati ya mji na Mji wa Kale yapakwe rangi nyeupe, na mapambo ya buluu. Watu walibishana sana: gharama atalipa nani, mbona mji mzima rangi moja. Kuhusu brashi sikusikia neno.

Brashi nzuri ya rangi ya mafuta, ile yenye nywele ngumu, kwa kawaida ni nywele za nguruwe, na nyingi hutoka Uchina. Si njama, ni ufundi tu. Ncha ya unywele wa nguruwe hupasuka vijitawi, kwa hivyo hushika rangi nyingi na kuitandaza bila michirizi. Kwenye mpini utasoma, kwa Kiingereza, kwamba ni nywele halisi. Za mnyama gani, mpini hausemi. Wachoraji picha nao wamo: brashi iuzwayo kwa jina la ngamia mara nyingi ni ya kindi au farasi.

Sasa, hapa Pwani Waislamu wengi ni Shafii, na kwa Shafii nguruwe ni najisi mzima mzima, pamoja na nywele zake. Kikavu kikigusa kikavu hakuna neno, lakini rangi ni majimaji. Kwa madhehebu ya Malik, nywele si najisi. Sitoi fatwa, wenye elimu wapo. Swali langu liko kabla ya fatwa: ni nani mwenye wajibu wa kujua?

Jibu la mtaani ni, “Usichimbe sana, asiyejua hana dhambi.” Lina hekima yake. Ukianza kuchunguza kila kitu utaishia kwenye wasiwasi, hata maji ya kutawadha utayashuku. Lakini yuko asiyejua, na yuko anayegeuza uso ili asije akajua. Huyu wa pili ameshahisi jambo. Anachokwepa ni gharama yake.

Na gharama humwangukia nani? Fundi. Kibarua wa Tononoka anapewa kazi ya kupaka milango ya msikiti, anaambiwa aje na vifaa vyake. Akiuliza habari za brashi ataonekana msumbufu, kazi apewe mwengine. Asipouliza, kisha kesho mtu akagundua, aibu ni yake peke yake. Kamati iliyopatana naye bei, na mwenye hadiwea aliyeagiza brashi kwa katoni, hao hawaguswi. Yaani wajibu umeteremka mpaka kwa yule asiye na uwezo wa kuchagua. Mimi kosa naliona hapo, zaidi ya kwenye nywele zenyewe.

Maana njia zipo. Nailoni iliingia sokoni mwaka 1938 kwenye miswaki, ikachukua nafasi ya hizo hizo nywele za nguruwe. Kwa rangi ya maji ni bora hata kiufundi, kwa kuwa nywele hunywa maji zikalegea. Kwa chokaa ipo brashi ya katani, na mkonge unalimwa papa hapa Vipingo. Kweli, nailoni ni plastiki, na plastiki ikichakaa mwisho wake baharini; hilo nalo lina hesabu yake. Lakini kilichobaki kigumu ni rangi ya mafuta tu, ambako brashi ya nailoni ya bei ndogo huacha michirizi na ile nzuri huuzwa ghali zaidi. Kumbe tunabishania nyongeza ya bei ya brashi mbili tatu.

Basi alipe aliyeagiza kazi, na aulize yeye, dukani, kabla ya fundi kuitwa. Kama muuzaji hajui, wachome unywele mmoja kwa kibiriti: wa mnyama utanuka kama nywele za kichwani zilizoungua na kuwa jivu, nailoni itayeyuka tone. Kisha kamati imwambie fundi, “Wewe njoo na mikono yako, brashi tumenunua sisi.”