Kabla Hujasema Hajui Kupiga

Mtu mwenye tarumbeta katika mtaa wa Laini Saba, Nairobi, hana mahali pa kukosea kwa siri. Kuta ni za mabati, jirani yuko karibu kiasi cha kusikia hata kikohozi, na ukienda kupulizia kando ya reli watoto watakufuata. Kwa hiyo mpiga tarumbeta wa hapa huhukumiwa angali anajifunza. Akiwa ni yule anayependa kuuacha wimbo aliofundishwa akatafute sauti zisizozoeleka, hukumu huwa kali zaidi. Tena wanaoitoa ni mafundi wenzake: waliolelewa katika bendi za Jeshi la Wokovu, wapiga gitaa wa benga, wapiga kinanda wa makanisani. “Huyo hajui kupiga,” husema, na neno likitoka kinywani mwa fundi watu huliamini.

Nairobi ya leo ina vijana wengi zaidi wa mitaa wanaojifunza ala za kupuliza. Mradi wa muziki wa Ghetto Classics ulianza Korogocho mwaka 2008, na tamasha la jazi la Safaricom, lililoanza 2014, liliuchangia mradi huo. Jazi ile ya kubuni papo hapo imewafikia watoto ambao babu zao waliijua jazi kama jina la bendi tu, Shirati Jazz au Victoria Jazz, wakacheza gitaa la benga hadi asubuhi. Kutoelewana hakuepukiki, na sioni ubaya wake. Ubaya uko katika namna tunavyofikia uamuzi.

Ugomvi wa namna hii ulipata kuwa mkubwa sana New York. Novemba 1959, Ornette Coleman, mpiga saksafoni, alianza kupiga katika klabu ya Five Spot. Tarumbeta ilikuwa kwa Don Cherry, kijana aliyekuwa anatimiza miaka 23, na ilikuwa ndogo, ile ya mfukoni. Bendi haikuwa na piano wala gitaa la kuwashikia njia. Kila mpigaji aliifuata sauti kule ilikompeleka, na wenzake wakamfuata. Wanamuziki wa jiji walimiminika kusikiliza, wakatoka wamegawanyika. John Lewis wa Modern Jazz Quartet aliwaunga mkono, na Leonard Bernstein, mwongozaji wa okestra, akawasifu. Roy Eldridge, mpiga tarumbeta mkongwe, aliona kwamba Coleman anawachezea watu akili. Miles Davis hakuvutiwa, na aliyemvutia kidogo kuliko wote ni Cherry na kitarumbeta chake.

Hapa ndipo ningependa ndugu zangu wanamuziki watulie kidogo. Eldridge alieleza kwamba alimsikiliza Coleman akiwa amelewa, akamsikiliza akiwa hajalewa, na hata akapiga naye. Miles, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 1989, alisema alikuwa akienda kuwasikiliza na kwamba alipata kupanda jukwaani pamoja nao. Watu hawa walikataa, lakini walikataa wakiwa wamekaa kitini, wameleta masikio yao, na wameleta ala zao. Hapana ya namna hiyo ina heshima, hata ikikosea. Hapana ya kwetu mara nyingi imetoka nyuma ya bati, kwa mtu aliyesikia robo ya wimbo akipita kwenda kuchota maji.

Halafu yupo John Coltrane, mpiga saksafoni mwingine. Alimzidi Cherry miaka kumi, alikuwa ametoka katika bendi ya Miles, na jina lake lilikuwa limeshapaa. Katikati ya 1960 aliingia studio na Cherry wakarekodi pamoja, zikiwemo nyimbo za Coleman. Rekodi ilitoka mwaka 1966 kwa jina The Avant-Garde. Ukiisikiliza vizuri, utamsikia mkubwa akitafuta njia na mdogo akiijua. Naona huo ni ujasiri wa hali ya juu kwa mwanamuziki aliyekwisha kusifiwa: kukubali kusikika ukiwa mgeni mbele ya kijana.

Sisemi kila kinachoshangaza ni kizuri. Mwaka 1965 Coleman mwenyewe alianza kupiga tarumbeta na fidla hadharani, na Miles aliona hilo ni kuwakosea heshima waliozisomea ala hizo. Hoja yake ina uzito. Aliyeamka alfajiri miaka mingi kujenga midomo na pumzi ana haki ya kumuuliza mwenzake: je, unaweza kushika noti moja ikatulia? Muulize basi, lakini muulize yeye. “Sikuupenda” ni haki yako. “Sikuuelewa” ni ukweli ambao mafundi wengi wanauonea haya bure. “Hajui” ni ushahidi, na shahidi sharti awe ameona. Vivyo hivyo kwa wale wanaosifu wasichokielewa ili wasionekane washamba. Hao humdhuru kijana zaidi ya mkali, kwa sababu humfanya aache mazoezi.

Jambo hili linagusa chakula. Anayetafuta mpulizaji wa harusi, au wa kusindikiza maiti, humwendea kwanza mzee wa bendi na kumuuliza, “Yule kijana vipi?” Jibu la mzee ndilo litakaloamua kama kijana atalipa kodi ya nyumba mwezi huo. Ukijibu, eleza ulichosikia: anashika nyimbo za ibada vizuri, huchelewa kuanza, hupenda kutoka nje ya wimbo. Mwenye shughuli ataamua mwenyewe. Kusema “ni kelele tupu” ni kumfungia mlango kwa sababu tu masikio yako hayakufurahi. Na ufundi huu una mduara mdogo. Dar es Salaam, bendi za Msondo na Sikinde zilishindana miaka na miaka, mashabiki wakigawanyika, lakini waimbaji kama Hassani Bitchuka walivuka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Unayemponda leo huenda kesho mkashiriki maikrofoni.

Nawe kijana wa tarumbeta, usiwalipe wazee kwa dharau. Kabla ya Five Spot, Cherry na Coleman walikuwa wamepiga pamoja Los Angeles na kutoa rekodi mwaka 1958, na Cherry aliijua jazi ya waliomtangulia kabla ya kuiacha. Nenda kwenye mazoezi ya bendi, ukae nyuma, ushike sehemu utakayopewa. Mzee akikutaka umpigie wimbo wa ibada kama ulivyoandikwa, mpigie wote, usiongeze kitu. Ukimaliza, mwombe akusikilize na wewe ule wako, hadi mwisho, kisha akuambie ana kwa ana alichosikia.