“Wale Hawajui Demokrasia”

Somo letu juma hili ni Matendo ya Mitume 6:1–7.

Hapa Bonga tunaishi Wagorowa, Wairaqw, Warangi, Wabarbaig na wengine walioletwa na barabara ya Kondoa. Tunauziana mbaazi, tunaoana, tunazikana. Lakini kura zikikaribia, au mkutano wa hadhara ukigusa habari ya malisho, kauli moja haikosi: “Wale hawajui demokrasia.” Wale ni jirani zetu. Na anayesema hivyo mara nyingi si mtu mbaya. Ana demokrasia yake kichwani, na jirani hakuenea ndani yake.

Kwa wengi wetu demokrasia ni wengi wape: mikono inyooshwe, ihesabiwe, yaishe. Kwa wengine ni maendeleo, kura ilete lami, maji na zahanati, kwa hiyo aliyechagua tofauti anaonekana anatukosesha. Wapo pia ambao kwao ni amani, na mtu akiulizia mapato na matumizi ya kijiji anaitwa mchochezi kabla hajamaliza kusema. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Ubaya unaanza tunapokifanya kipande hicho mizani ya kupimia utu wa watu.

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Jirani zetu wa Hanang, katika miaka ya 1970, waliona mashamba makubwa ya ngano yakifunguliwa kwa msaada wa Kanada katika nyanda za Basotu, hadi kufikia ekari zipatazo 100,000. Taifa lilihitaji mkate, na hesabu ilionekana rahisi: Watanzania mamilioni upande huu, wafugaji wa Kibarbaig upande ule. Ile ardhi ilikuwa malisho yao bora. Ndani yake yalikuwamo makaburi ya wazee wao, vilima vya udongo vilivyojengwa kwa heshima na watu wengi wa ukoo, na baadhi yake yalilimwa kwa trekta. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikalipa ushindi NAFCO, shirika la umma lililoendesha mashamba hayo. Njaa ya taifa ilikuwa ya kweli, sibishi. Ila watu wakishasemwa kuwa hawajui kuitumia ardhi, nani atajisumbua kuwauliza maoni?

Na hao tunaowaona hawajui, wamekuwa wakikaa mabaraza tangu zamani. Wazee hukaa chini ya mti wakazungumza mpaka wafikie neno ambalo kila mtu anaweza kuondoka nalo. Wanawake wa Kibarbaig wana baraza lao wenyewe: mwanamume aliyemdhulumu mwanamke, kwa mfano akimpiga aliyetoka kujifungua, wao ndio wanaomhukumu na kumtoza ng'ombe, na waume hawaingilii. Mama zangu wa kwaya na wa vikundi vya akina mama, ni vikao vingapi vya kwetu vinawapa nguvu hiyo?

Nakumbuka pia Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ya mwaka 1991. Ilizunguka nchi nzima kuwauliza wananchi kama wanataka chama kimoja au vyama vingi. Karibu watu wanane katika kila kumi waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ikawasikiliza na wale wawili, ikashauri vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Kama ingekuwa kuhesabu vichwa tu, leo tungekuwa na habari nyingine.

Sasa tazama kanisa la kwanza. Wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku. Waebrania ndio waliokuwa wenyeji wa Yerusalemu, wakiwa na mitume upande wao. Wangeweza kusema hawa wageni wanaleta fitina. Wangeweza kupiga kura wakashinda. Badala yake Mitume waliita mkutano wa wanafunzi wote, wakauachia uchague watu saba wa kusimamia mgawo. Soma majina: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni ya Kiyunani. Naamini, pamoja na wafafanuzi wengi wa Maandiko, kwamba mkutano ule ulikabidhi ghala kwa upande uliokuwa unalalamika. Tena Nikolao hakuzaliwa hata Myahudi. Alikuwa mwongofu wa Antiokia. Mitume wakaomba, wakaweka mikono juu yake sawasawa na wenzake.

Juma hili, kwenye ibada za nyumba kwa nyumba, tusome aya hizo saba polepole. Mwenye jirani wa kabila lingine, au aliyepiga kura tofauti naye, aende akamuulize jinsi kwao wanavyofikia uamuzi, na aliyeshindwa hutendewaje. Asiende kumfundisha. Jumapili, baada ya matangazo, nitawapa nafasi watakaotaka kutueleza waliyoyasikia, na tutaanza na akina mama.